Chupi Iliyofukiwa Shambani

Kila baada ya mavuno, NyaZimba hufagia shamba lake na kuchoma mabua yote ya mahindi. Kijijini kwao, karibu na Chipata, hakuna anayemshinda kwa usafi. Basi wakati wa mvua, bintiye Tamandani, anayesomea uhai wa udongo chuo kikuu, alipofukia chupi mpya ya pamba katikati ya shamba hilo, mama alinuna hadi mavuno.

"Watu watasema tunaroga!"

Nyingine Tamandani aliifukia kichakani. Walipozifukua baada ya mavuno, ya kichakani ilibaki mpira wa kiunoni tu. Ya shambani ilitoka nzima, ya kufua na kuvaa.

"Si unaona!" mama akashangilia. "Shamba langu si jizi kama hicho kichaka chako."

Tamandani akaonyesha rundo la mabua lililosubiri kuchomwa. "Mama, pamba huliwa na vijidudu vya udongoni, na ndivyo vinavyolisha mahindi. Chakula chao ni haya mabua unayoyachoma. Hapa vimekufa kwa njaa."

NyaZimba alikitazama kiberiti mkononi mwake. Kisha akakitia kibindoni, akaliendea rundo la mabua, akaanza kuyatawanya mbiombio, kama mtu aliyekumbuka kwamba mtoto hajala tangu asubuhi.