Kitufe cha Kapteni Akonkwa

Kapteni Akonkwa alikuwa na maadui wawili: mawingu na salamu. Mawingu aliyasamehe, maana hayajaenda shule. Rubani anayepiga soga redioni hakumsamehe hata kidogo, kwa kuwa redio hiyo ni ya wote, na akisema mmoja wengine wamezibwa midomo.

Aliyemkera zaidi alikuwa mwongoza ndege wa uwanja wa Kavumu, mzee Alphonse, ambaye hakumruhusu mtu kutua kabla hajamuulizia mama, watoto na mbuzi. Balaa ni kwamba mzee huyo ndiye baba yake Elodie, msichana wa moyo wake, na Jumamosi ukoo wa Akonkwa ulikuwa unangojewa nyumbani kwa mzee, mtaa wa Nguba, kumposa binti huyo. Akonkwa alimpenda Elodie hadi chakula hakipiti. Kwa hiyo chuki yake aliiacha hukohuko angani.

Alhamisi alikuwa akirudi kutoka Shabunda, kando yake Carine, rubani msaidizi ambaye kapteni mwenyewe alimfunza adabu ya kazi: ndege ikishuka, husemi mpaka uulizwe. Redioni mzee Alphonse alikuwa akimuuliza rubani Sumaili kama mkewe ameshajifungua. Akonkwa alingoja, akangoja, kisha akabonyeza kwa nguvu kitufe cha redio kwenye usukani na kuomba kutua.

Kitufe kile kilikuwa na ugonjwa wake: kikibonyezwa kwa hasira, hakirudi.

"Ule muzee anasumbua batu," akamwambia Carine. "Jumamosi nitamupigia magoti, sawa. Lakini huku juu, kinywa yake ingefungwa na kamba."

Carine akaona taa ndogo ya redio inawaka, ishara kwamba maneno yanatoka nje. Akanyoosha kidole kuionyesha.

"Kimya," kapteni akasema. "Tuko tunashuka. Unasikia vile redio imetulia? Leo bamejifunza adabu."

Ilitulia kwa sababu kitufe kikikwama humsikii mtu, unasikiwa tu. Carine alivumilia kitambo, halafu utii ukamshinda, akakibandua kwa kucha.

"Akonkwa," sauti ya mzee Alphonse ikaingia, taratibu. "Tumesikia yote. Zunguka juu ya ziwa. Utatua wa mwisho."

Akonkwa aliogopa kuliko siku yoyote ya dhoruba, maana aliiona Jumamosi yake ikizama ziwani. Akazunguka, akazunguka tena.

"Akonkwa," mzee akasema mwishowe. "Jumamosi mukuye kwangu. Basemaji ba ukoo batasema tangu asubui mpaka mangaribi, vile desturi inataka, na we bwana-arusi hautafungua kinywa. Si unapendaka kimya?"

Sumaili alisikika akicheka, na wengine nyuma yake.

Akonkwa akakibonyeza kitufe polepole, kama anayegusa yai.

"Bien reçu, papa," akasema, kukiri kwamba amesikia. "Na maman, iko aje? Na mbuzi?"