Chupa za Siku ya Sita

Mimi nina mkono mwepesi. Nakuambia mapema usije ukanihurumia bure. Baa walinipiga marufuku baada ya kumvunja mtu taya kwa sababu ya kiti. Nyumbani, mke wangu alikuwa akiwaambia majirani amejigonga mlangoni. Mlango wetu ulikuwa na sifa mbaya mtaa mzima.

Siku niliyomng'oa jino hakulia. Alitema damu kwenye sinki, akasema, "Ukininyanyulia mkono tena, hata kwa mzaha, naondoka. Na ukitaka pombe, ipike humu humu nikikuona."

Basi mimi, muuza nyama, mtu wa kupasua mifupa, nikaanza kupika bia. Mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha bia alinielekeza: chemsha kimea, chuja, kipoe, tia hamira, funika ndoo.

"Usijaze chupa mpaka bia iache kabisa kutoa mapovu," alionya. "Wiki mbili. Ukiwa na haraka, chupa zitakulipukia."

Wiki mbili! Kila asubuhi nilifunua ile ndoo nikaitukana. Siku ya sita uzalendo ukanishinda. Nikajaza chupa ishirini, nikatia kila moja kijiko kizima cha sukari, nikagonga vizibo, nikazipanga kwenye rafu juu ya sinki.

"Tayari?" mke wangu aliuliza.

"Tayari," nikamjibu. Nilikuwa na mwezi mzima sijampiga, na nilijiona malaika.

Jumapili mchana alikuwa anaosha sahani, mimi nimekaa mezani. Chupa ya kwanza ikapasuka, paa! Vipande vikaruka hadi darini. Niliogopa sana. Nikamrukia, mkono juu, nimvute.

"Toka hapo!"

Hakuitazama rafu. Alinitazama mimi. Aliuona ule mkono, akaficha uso kwa viwiko, akarudi nyuma, akajibana pale pale chini ya chupa. Zikapasuka tatu kwa mpigo.

Kipande kimoja kilimchana kutoka sikioni hadi shingoni. Damu ilimwagika pamoja na bia, joto na baridi, nami nikalibana jeraha kwa viganja vyote viwili.

Hivyo ndivyo mdogo wake alivyonikuta. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma, anakaa nyumba ya pili. Aliona chupa zilizovunjika, na mikono yangu shingoni mwa dada yake. Hakuuliza. Alinipiga sufuria ya kichwa, nikaanguka juu ya vioo, akanikanyaga mbavu mpaka moja ikalia. Mkono wangu ulikunja ngumi wenyewe. Niliulalia.

"Ni chupa!" mke wangu alipiga kelele, taulo shingoni. "Mwache! Zimepasuka zenyewe!"

"Na mwezi uliopita ilikuwa mlango, dada," shemeji akasema, akaniongeza teke jingine.

Akamshika bega wakaanza kutoka kwenda hospitali. Mke wangu alisimama kizingitini. Taulo lilikuwa limeshalowa.

"Najua ulitaka kuniokoa," aliniambia. "Lakini chupa zilikuwa zinapasuka, na mimi nikazikimbilia."

Nguo zake alikuja kuzichukua mdogo wake.