Hodi ya Saa Nane

Saa moja na dakika kumi asubuhi, muuguzi wa zamu wa wodi ya upasuaji, ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, alitandika kitanda namba tano kwa shuka mbili badala ya moja, kwa sababu anayelazwa hapo alikuwa mama yake mzazi.

Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Miaka mitatu nyuma alipasuliwa nyonga ya kushoto, na kwa upasuaji wenyewe hakuna wa kulaumiwa: mfupa ulikaa sawa, kidonda kikafunga. Ila maumivu yalitoka naye hospitali yakaenda kupiga kambi nyumbani, yakashika kiti cha cherehani. Yalivaa koti la kijivu na kubeba kikapu chenye mfuniko. Kwa kuwa maumivu hayana umoja, watu wa nyumbani waliyasalimia kwa wingi. "Hamjambo?" "Hatujambo." Basi, yaishie hapo. Lakini tangu siku ile mama hakushona hata pindo, wala hakulalia ubavu wa kushoto.

Leo ilikuwa zamu ya nyonga ya kulia, saa nne kamili. Maumivu ya zamani yalikuja naye kama kawaida yao, yakaketi pembeni ya kitanda.

"Mwanangu," mama alisema kwa sauti ya chini, asiyaudhi, "wakinirudisha na mengine ya kulia, nitalala vipi? Nimesimama kama farasi?"

Sista alicheka, kisha akaona si jambo la kucheka.

Daktari wa usingizi alishawaeleza wauguzi jambo hili, tena zaidi ya mara moja. Maumivu ya upasuaji hufika saa nane mchana, na yana adabu zake: hubisha hodi. Mwili usio na dawa hujibu "karibu" kabla mwenyewe hajajua. Yakishaingia na kufungua kikapu, utayapa dawa, nayo yatashukuru, lakini habari ya kuondoka sahau. Mgonjwa akimeza dawa mapema, saa mbili hivi kabla ya kisu, hodi haijibiwi. Maumivu hukaa kwenye benchi la nje siku mbili tatu, yakachoka, yakaenda zao.

Kwa hiyo Sista alikwenda kwenye dirisha la stoo ya dawa, ambapo palikuwa na tangazo: DAWA YA MAUMIVU HUTOLEWA MAUMIVU YAKIWEPO. Mtunza stoo alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, na hospitali nzima ilimwita Yakiwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Yapo?"

"Bado. Yatafika saa nane."

"Basi na dawa saa nane."

"Mzee wangu, ni mama huyu."

"Mama yako ni mama yangu, Mungu anaona. Lakini fomu inauliza yapo au hayapo. Haiulizi kama yatakuja."

Hakuwa na roho mbaya. Alimwonea Sista huruma mpaka akavua miwani na kuifuta, akaivaa tena, na dirisha likabaki vilevile. Ilikuwa saa mbili kasoro robo.

Sista alirudi wodini, akasimama mbele ya maumivu ya zamani. "Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Nawaomba mwende na mimi dirishani, mkaonekane."

Yalitazamana na mama. Mama akatikisa kichwa kukubali, nayo yakanyanyuka.

Yakiwepo aliyakagua juu mpaka chini. "Haya ni ya kushoto. Mgonjwa anapasuliwa kulia."

"Fomu inauliza upande?"

Aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. "Haiulizi," alisema, na kwa kweli alifurahi. Akaandika YAPO, akahesabu vidonge, na saa mbili kamili mama akavimeza.

Saa nane maumivu mapya yalifika na kikapu kikubwa. Yakapiga hodi mara tatu. Kimya. Yakakaa kwenye benchi la nje, na siku ya tatu yakamuaga mhudumu wa usafi, yakaondoka. Siku ya nne mama alikwenda chooni kwa miguu yake, akiegemea fremu ya chuma, na Sista akalia waziwazi mbele ya wagonjwa, hakujali nani anaona. Mama alirudi nyumbani na yale ya zamani tu. Alilalia ubavu wa kulia usiku kucha.

Wiki iliyofuata kitanda namba tano kilipata mpishi wa shule, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika korido ya pili, mwenye uvimbe tumboni. Maishani mwake hakuwahi kuumwa hata jino, kwa hiyo hakuwa na chochote cha kupeleka dirishani. Sista alimwomba mama amwazime yale ya zamani. Mama alikubali, nayo yalikubali, yakaja kabla ya saa mbili.

"Haya nayajua, Sista," Yakiwepo alisema. "Ni ya mama."

"Mwangalie basi mgonjwa mwenyewe, mzee. Ana watoto mia tatu wa kupikia."

"Nimepita kumwangalia. Anacheka." Alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli. "Njoo saa nane, mwanangu. Saa nane sikukatalii."

Saa nane hodi ikapigwa, na tumbo la mpishi likajibu "karibu". Dawa ilitoka saa tisa, fomu imejazwa vizuri, hakuna kosa hata moja. Maumivu yalipokea vidonge kwa mikono miwili, yakasema ahsante, yakavitia kikapuni.

Siku ya kuruhusiwa, mume wa mpishi alikuja kumchukua. Mpishi hakuwa anacheka tena. Alimshika Sista mkono.

"Dada, haya yatakaa mpaka lini?"

Sista alisema hajui, naye alijua. Akamfungulia mlango wa gari, na maumivu yakatangulia kuingia.