Kofia Zenye Jasho Moja

Wauza kofia za kale wote wa Graz, mji wa Austria, waliiogopa pua ya Notburga Reisinger. Wengine huitazama kofia. Yeye aliigeuza kwanza, akaingiza uso ndani na kuvuta pumzi. Ndipo alipopapasa ule ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso, akasoma nembo kwenye bitana, akasema: hii ya kabla ya vita vya kwanza vya dunia, hii ya miaka ya thelathini. Wanunuzi walilipokea neno lake kama muhuri.

Ndiyo maana Wendelin Prantl, rafiki yake wa miaka mingi katika biashara hiyo, alimwita nyumbani kwake maonyesho ya vitu vya kale ya Salzburg yalipokaribia. Kofia za felti, yaani manyoya yaliyoshindiliwa, za kijani na za kijivu, zilikuwa zimepangwa mezani.

"Mirathi ya daktari mmoja wa Leoben, dada," Wendelin alisema. "Zilikuwa zake, za kaka zake na za baba yao. Wewe zipe umri tu, mengine niachie mimi."

Ya kwanza ilikuwa na nembo ya tai mwenye vichwa viwili. Tai huyo wa kifalme hakuchapwa tena kwenye kofia ufalme wa Austria ulipoanguka, basi nembo ilikuwa kongwe kweli. Lakini felti yenyewe ilikuwa nene na tepetepe kama blanketi la mtoto, wakati wazee wa zamani walishindilia manyoya ya sungura mpaka yakawa membamba na makavu. Notburga akainusa. Akanusa ya pili, na ya tatu. Vichwa vya watu mbalimbali, jasho moja: mafuta ya nguruwe, kitunguu, na kwapa la mtu yuleyule.

"Naomba ninawe mikono," alisema.

"Nenda bafu la juu."

Lakini miaka yote alikuwa akinawa kwenye chumba cha kufulia, na miguu ikampeleka huko. Alipofungua mlango, joto lilimpiga usoni pamoja na harufu ileile. Kando ya jiko la kuni alikaa Ferdl, kaka wa mke wa Wendelin, amevaa fulana tu na kofia kichwani. Nywele zake zilipakwa mafuta ya nguruwe, nayo yalimchuruzika nyuma ya masikio. Alikuwa anakula soseji, na kila baada ya tonge alifuta vidole kwenye ukingo wa kofia.

"Karibu, Bibi Notburga," alisema. "Usinisogelee sana, nanuka. Shemeji kanipa kazi ya kutoka jasho, na kazi hiyo naiweza."

Chini ya sinki palikuwa na ndoo ya kofia za zamani zilizochunwa: bitana zimenyofolewa, kanda za ngozi zimekatwa ili zishonewe kofia mpya. Juu yake ilikuwapo moja ya kijivu ambayo Notburga aliijua. Ilikuwa ya marehemu mume wa Kreszenz Thaler. Mjane huyo alikuwa amemwomba aitafutie mtu wa kuitunza, naye Notburga akaileta hapa kwa mikono yake mwenyewe. Sasa ilikuwa tambara la kufutia mafuta.

Wendelin alikuwa amesimama mlangoni. "Usinitazame hivyo. Watu wanataka uzee, nami nawapa uzee. Za kweli zimeliwa na nondo, nani atazitaka?"

"Hii haikuwa na tundu hata moja."

"Bitana yake ilikuwa nzuri."

Alisema hivyo kama mchinjaji anayesifu maini. Notburga alilichukua lile tambara, akatoka bila kuaga.

Alilipeleka moja kwa moja kwa Kreszenz, maana kumficha kungemfanya mshirika wa Wendelin. Mjane alipitisha kidole pale ngozi ilipokatwa.

"Nani aliyemfanyia hivi?" aliuliza, kana kwamba mumewe ndiye aliyelazwa mapajani.

Notburga alimwambia, na sehemu yake mwenyewe hakuiruka.

Huko Salzburg kwenye maonyesho, Notburga alisimama mbele ya meza ya Wendelin akasema wazi mbele ya wanunuzi: nembo za zamani, kofia mpya, jasho la shemeji. Baadhi yao waliziweka kofia chini na kujipangusa vidole. Mnunuzi mmoja kutoka Munich, mwenye koti safi, alibaki ameshika ile ya tai.

"Nimesikia, mama," alisema kwa upole. "Mimi naitaka ya kutundika tu ukutani hotelini kwangu. Nani atainusa?"

"Kizuri chajiuza," Wendelin alimalizia, huku akiifunga kwa karatasi laini.

Yule bwana aliitikia kwa kichwa, akamnyooshea Notburga mkono wa kwaheri. Mkono ulikuwa unang'aa mafuta ya ile kofia. Notburga aliutazama, akatia mikono yake mifukoni, akaenda kutafuta mahali penye maji na sabuni.