Jicho la Rabeb

Hayet alikuwa kipa hodari wa mpira wa mikono pale Moknine, mji wa Tunisia, mpaka goti lilipomwangusha. Klabu ikampa wasichana wa miaka minane awafundishe, watoto ambao hawajawahi kushika mpira, naye akawapokea kama mtu aliyepewa adhabu. Alipenda mchezo. Watoto alikuwa bado hajawapenda.

Kati yao alikuwamo Rabeb, binti wa Mongia, mshonaji wa kiwandani. Rabeb alikimbia kama paka, lakini mpira ukimjia tu, macho anafumba.

"Wewe Rabeb, mpira hauna meno!" Hayet akamwambia siku moja.

Wenzake wakadaka neno hilo. "Hauna meno! Hauna meno!" Ukumbi mzima ukacheka, na Hayet akacheka nao.

Wiki iliyofuata kocha wa wavulana alipita pembeni, akasimama kuwatazama. "Hayet, hawa umewaleta kucheza au kulala?"

Neno lile lilimchoma. Akamshika Rabeb mkono, akamsimamisha golini, kisha akamwita Shaima, aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa mwili.

"Tupa."

Shaima akatupa kitoto. Rabeb akafumba macho.

"Tupa kwelikweli, Shaima!"

"Kocha, ataumia."

"Nimesema tupa. Na wewe Rabeb, ukifumba tena tunarudia mpaka jua lizame."

Rabeb akauma mdomo. Mpira ulipotoka mkononi mwa Shaima aliyakodoa macho yake yote mawili, akayaacha wazi, na mpira ukampiga jichoni.

Hayet alimbeba mwenyewe mpaka hospitali. Daktari alisema damu imevilia ndani ya jicho. Atatazamwa siku kadhaa, asikimbie, asiiname. Daktari alipotoka kwenda kumwita nesi, Rabeb akamvuta Hayet mkono wa koti.

"Kocha, sikufumba. Umeona?"

Mara Mongia akaingia mbio, nyuzi za kiwandani bado zimemganda mabegani.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeanguka kwenye ngazi za ukumbi, mama," Rabeb akajibu upesi. "Kocha ndiye aliyenibeba."

Mongia alimkumbatia Hayet, akambusu shavu hili na hili. "Mungu akulipe, dada yangu. Mungu akuwekee hao watoto wako wa mpirani."

Kesho yake Mongia akamletea nyumbani sahani ya makrudhi, zile keki za tende, zikiwa bado zinachuruzika asali. Hayet alijaribu moja. Nyingine akazifunika kwa kitambaa. Alijiambia kwamba jicho likishapona hakutakuwa na haja ya kusema, na kwamba ukweli ungemtia mama yule uchungu bure. Alijiambia mengi.

Kisha Shaima akaacha kuja mazoezini. Hayet alimfuata kwao, akamkuta nyuma ya mlango, hataki kutoka.

"Mimi nimemtoboa Rabeb jicho," Shaima akasema. "Shuleni wananiambia Mungu atanitoboa na mimi."

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi."

"Mkono ulikuwa wangu."

Hapo Hayet akaona aibu ambayo hajapata kuiona. Mzigo wake mwenyewe alikuwa amewatwika watoto wawili: mmoja anadanganya kwa ajili yake, mwingine anajificha nyuma ya mlango. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mongia, akasimama kizingitini, akaeleza yote, na yale maneno "tupa kwelikweli" akayatamka kama alivyoyatamka siku ile.

Mongia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu amenidanganya kwa sababu yako," akasema. "Hajawahi kunidanganya. Na mimi nimekubusu."

"Nisamehe, dada."

"Nirudishie sahani yangu. Kisha usikanyage hapa."

Hayet alikwenda kuieleza klabu pia. Wakamsimamisha majira yote ya baridi, na alipoitwa tena, kocha mwingine alisimama naye ukumbini. Jicho la Rabeb lilipona, ila upande mmoja ulibaki na ukungu usioondoka.

Majira ya kuchipua, mlango wa ukumbi ulifunguliwa, Rabeb akaingia na viatu vipya, mama yake nyuma. Shaima alimkimbilia, wakakumbatiana. Mongia akaketi benchi ya mbele bila kuvua koti.

Hayet akamsogelea. "Karibu, mama Rabeb."

"Sijakusamehe," Mongia akasema. "Mtoto ndiye aliyelilia kurudi. Mimi nitakuwa hapa hapa kila ukija na hicho kipenga chako."

"Una haki."

"Haki ninayo, sihitaji unipe. Haya, nenda, watoto wanakungoja."

Hayet akarudi kwa watoto. Aliwagawia mipira laini ya sponji, akapiga magoti sakafuni, goti bovu likilalamika, akaanza kurusha polepole kwa mmoja baada ya mwingine. Kila aliporusha, alihisi macho ya Mongia mgongoni mwake.