Taa ya Kisamvu

Nesi Dorotea alikuwa anachuma kisamvu nyuma ya zahanati, jioni, nje kidogo ya Butiama, jani likawaka taa mkononi mwake, bila moto. Akalitia kapuni. La pili nalo likawaka. Akaona leo mboga itapikika bila kibatari, basi.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni, ruksa ya biashara huria ndiyo kwanza imeingia. Mafuta ya taa ya zahanati yalitoka Musoma kila mwezi, yakaishia kwenye baa ya katibu kata Boniphace, kule Bunda. Sola ya wafadhili juu ya paa ilikuwa imekufa, imeharibiwa na jua lilelile ililoletewa. Mwezi uliotangulia Susana, mama wa hapo kijijini, alijifungua gizani, akavuja damu ambayo hakuna aliyeiona, akafa. Dorotea hakumsamehe mtu kwa hilo, na hakuwa na mpango huo.

Fundi Renatus akafungua nyaya za sola, akazifunga kwenye shina la muhogo. Taa ya chumba cha uzazi ikawaka. Mchana majani yalikula jua, jioni yakalitoa. Jani likiungua, muhogo ulichipua lingine, haukungoja spea kutoka Ulaya. Gati, mjamzito aliyefuata, akajifungua salama, akalalamika tu kwamba taa ni kali mno.

Boniphace akaja na mgambo. "Umeme ni wa serikali, nesi. Huu unawakaga kwa kibali cha nani?"

"Cha jua. Na wewe mafuta yetu unauzaga kwa kibali cha nani?"

"Ng'oeni!"

Wakang'oa, wakatupa miti barabarani. Hapo alikosea, masikini, kiti cha ofisi kilimsahaulisha shamba. Muhogo ukishang'olewa, miti ni ya yeyote apitaye. Mbegu ya muhogo ni mti wake, hainunuliwi. Mgambo hawajajipangusa mikono, wanawake walishajitwika mafungu, mengine yakafika hadi kijiji cha Buswahili.

Mvua zikanyesha, miti ikachipua. Sasa kila nyumba ina taa, na hakuna anayejifungua gizani. Mafuta bado yanakuja kila mwezi, bado yanapitiliza kwenda Bunda, katikati ya mashamba yanayowaka, Boniphace amekaa kwenye lori juu ya mapipa, uso wote unaonekana. Wala hajifichi.

Dorotea husimama katikati ya barabara. "Shusha pipa la Susana!"

Dereva hupiga honi, humzunguka, hupita. Mwezi unaofuata Dorotea yupo palepale, na Gati ubavuni, mtoto mgongoni.