Yupo Stoo

Kwa nje fremu yetu ya duka, Mtaa wa Mchikichi, ni mlango mmoja wa kukunja, basi. Kulia Zulekha wa Lindi anauza madera, kushoto wanauza chaja za simu. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na mimi nimezigusa miaka yote niliyouza mapazia pale. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha ukubwa wa duka langu.

Mume wangu, Melkiori, alikuwa na sheria moja: mteja haambiwi hakuna. Si yake peke yake, Kariakoo nzima inaishi hivyo. Mteja akiulizia kitu ambacho huna, unamwambia "ipo", unamkalisha kwenye benchi, unatoka mbio kwa jirani, unachukua, unarudi nacho kama vile umekitoa kwako. Kesho jirani naye atakuja kuchukua kwako. Ukisema hakuna, mteja anavuka barabara na humwoni tena.

Ilianza Ijumaa moja, wakati wa swala. Mama mmoja alitaka pazia la kijani cha chupa. "Ipo," akasema Melkiori. Majirani wote wenye kijani hicho walikuwa wamefunga, wako msikitini. Akazugazuga, akapita nyuma ya pazia letu la mwisho, pale tunapoweka ndoo na mafagio, nadhani akatafute uongo mwingine. Akatoka na jora la kijani begani. Mteja alipoondoka akanishika mkono akanionyesha. Nyuma ya ndoo palikuwa na chumba, kina rafu mpaka juu, kinanukia kitambaa kipya.

Tangu siku hiyo, kila alichosema ipo, kilikuwepo. Na kila "ipo" ya kitu tusichokuwa nacho iliongeza chumba. Vyumba vikazaa korido, korido zikapinda huku na huku, na kwa nje fremu ni ileile, mlango mmoja wa kukunja. Tulimwambia Zulekha peke yake. Akaingia, akatazama, akatoka anajipepea na kanga. "Wachaga nyie," akasema, "hata majini kwenu yanapangwa kwenye rafu."

Mimi sikuipenda ile stoo. Nilimwambia, "Baba Nice, iko siku utakosa njia humo." Akacheka. "Mtu anapoteaje kwake, Mama Nice?" Nice ndiye binti yetu, ameolewa Arusha. Melkiori ukimwambia jambo hataki, anakujibu kwa swali, na mimi huwa sina subira ya maswali, nikaendelea kupanga mapazia.

Baada ya Pasaka akaja dada mmoja wa Upanga, anaitwa Shadya. Alikuwa na kipande cha pazia la marehemu mama yake, rangi ya chungwa, kina majani madogo. Pazia la pili la jozi ile lilikuwa limeungua kwa pasi, na yeye hakuweza kuvumilia dirisha moja kuwa na la mama na la pili kuwa na jingine. Nilikiangalia tu nikajua. Kitambaa kile kiliacha kutengenezwa zamani, nchi hii hukipati. Nikafungua mdomo nimwambie. Melkiori akaniwahi.

"Ipo, dada yangu. Kaa hapo kwenye benchi."

Akachukua kile kipande, akawasha tochi ya simu, akafunua pazia la ndoo. "Nakuja," akasema, kama tunavyosema mji huu tunapoondoka. Viatu vyake vilikuwa vipya, vyeusi, nimemnunulia mimi kwa ajili ya sikukuu. Hivyo viatu ndivyo nilivyoviona mwisho.

Shadya akakaa, akanywa soda, akaangalia saa yake mara nyingi. Alasiri akaaga, akasema atarudi. Melkiori hakuwa ametoka.

Nikachukua bunda zima la utepe wa kushonea mapazia, nikafunga ncha mlangoni, nikaingia naukunjua. Nikapita majora, nikapita mashuka, nikapita vyumba ambavyo sikuwahi kuviona, vyenye vitambaa ambavyo sikumbuki nani aliviulizia. Utepe ukaisha. Nikaita. Akaitika kutoka mbali sana, "Nakuja, Mama Nice." Haikuwa sauti ya mtu mwenye hofu, ilikuwa ya mtu aliye kazini. Nikakasirika, nikarudi dukani, kwa sababu niliacha wateja wamesimama. Ndiyo, nilirudi kwa wateja. Wewe ungefanyaje?

Polisi ningewaambia nini? Mume amepotelea wapi? Stoo. Wangefunua pazia waone ndoo zangu, halafu wangenifunga mimi. Basi kila aliyeuliza, "Mzee yupo?" nilimjibu, "Yupo, yupo stoo." Wenye mizigo waliuliza, wana jumuiya wa kanisani waliuliza, Nice akapiga simu akauliza. Mdogo wake Melkiori, Severine, akapiga kutoka Rombo. Yupo stoo, shemeji, mtandao huko ndani hamna. Haukuwa uongo. Jioni kabla ya kufunga nilifunua pazia nikaita, na yeye akaitika, "Nakuja." Ila kila jioni aliitikia mbali kuliko jana. Nikawa nalala namtukana. Nilidhani ni ubishi wake tu, ameamua harudi mpaka akipate kile kitambaa.

Mvua za masika zikaisha. Siku moja kichwa kinaniuma, mteja akaniuliza pazia la dhahabu. Sikuwa nalo. "Hakuna," nikasema. Ilinitoka tu. Nyuma ya pazia nikasikia kitu kimefungwa, kama mtu anafunga kabati. Nikafunua. Chumba cha kwanza hakikuwepo, cha pili ndicho kilichokuwa mbele yangu. Nikaita. Na alipoitika, jamani, alikuwa karibu zaidi.

Nilianza kusema hakuna kama mtu aliyelipwa aseme. La bluu? Hakuna. La maua? Hakuna. Zulekha akaacha madera yake akaja kusimama mbele yangu. "Mama Nice, Mchaga kumwambia mteja hakuna? Nikupeleke Muhimbili?" Nikamwambia yote. Akakaa kwenye benchi, akatazama pazia la ndoo. Kesho yake akaja asubuhi kabla hata hajafungua kwake.

"Una pazia la zambarau?" akaniuliza.

"Hakuna."

"La rangi ya udongo wa Masasi?"

"Hakuna."

"La rangi ya meno ya mwenye nyumba wangu?"

"Hakuna, Zulekha."

Hivyo, kila asubuhi. Vyumba vikafungika kimoja kimoja. Nilicheka wiki zile kuliko nilivyowahi kucheka, kwa sababu sasa nilisikia mpaka hatua zake. Nilimfulia shati. Nikapika kiburu cha ndizi na maharage, nikakileta dukani kwenye hotpoti, nikijua ni leo.

Halafu pakakwama. Ikabaki korido moja, haifungiki hata niseme hakuna mara ngapi. Hatua zinakuja, zinakaribia kabisa, halafu ghafla ziko mbali tena. Zinaanza upya. Zilikuwa zinajiburuza sasa.

Zulekha ndiye aliyeng'amua. Alinisikiliza siku nzima akiwa upande wake, jioni akaja. "Mama Nice, yule mteja wa mashuka alipomuulizia mzee, ulimjibu nini?"

"Yupo stoo. Nimjibu nini kingine?"

Akaangalia chini. Nami nikaelewa alichotaka niseme, nikamfukuza. Nilimwambia akauze madera yake, aache ndoa yangu, kama yeye waume wanamtoka mdomoni kirahisi ni shauri yake. Maneno mabaya. Mumewe alikufa ajalini Kibiti, na mimi nilikuwepo msibani. Akarudi kwenye madera yake. Usiku sikulala. Kutamka kwamba Melkiori hayupo ilikuwa sawa na kumzika kwa mdomo wangu, na mimi nilikuwa nasikia hatua zake. Utamzikaje mtu unayemsikia anatembea?

Siku iliyofuata Severine akatokea mlangoni na begi lake, ameshuka basi la usiku. Macho mekundu. Nikamwekea kiti, hakukaa.

"Shemeji, nimetumwa na mama," akasema. "Mama hali chakula, anakaa kwenye kihamba, kwenye migomba ya ukoo, anaangalia njia. Amesema tusimfiche. Kama kaka hayupo tena, tuambiwe. Wazee watakata mgomba, watauvika shati lake, tutauzika badala yake nyuma ya nyumba pale alipo baba, na yeye apumzike." Akafuta uso. "Nakuuliza wewe mkewe. Kaka yupo?"

Nyuma ya pazia hatua zilikuwa zinakuja. Nilizisikia vizuri, mguu mmoja unaburuzwa, na pumzi. Zilikuwa karibu kuliko siku zote. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, nimelizoea: yupo. Nikalisikiliza kabla halijatoka. Nikaona ninavyomwongezea njia. Yeye anakuja, na mimi kila siku, mbele ya kila mtu, nasogeza mlango mbele. Zulekha alikuwa amesimama mpakani mwa fremu yake, hakuja, hakuondoka.

"Hayupo," nikasema. Nikarudia, maana mara ya kwanza sikuisikia sauti yangu. "Severine, kaka yako hayupo."

Pazia lilijaa upepo, likatulia. Kitu kikaanguka upande wa ndani, ndoo zikagongana. Severine ndiye aliyefunua. Melkiori alikuwa ameketi kati ya mafagio, mgongo ukutani, ukuta ule wa zamani wenye doa la unyevu, begani ana jora la rangi ya chungwa lenye majani madogo, na mkononi amekishika kile kipande cha Shadya. Nilimgusa shingo. Alikuwa bado na joto. Nikamwita, "Baba Nice," nikasubiri, na safari hii hakuitika.

Nilimvua viatu, sijui kwa nini ndivyo nilivyoanza navyo. Vile vya Pasaka. Soli hazikuwepo. Zilikuwa zimekwisha kabisa, na soksi zimekwisha, na miguu ya mume wangu ilikuwa kama ya mtu aliyetembea kutoka Rombo mpaka baharini. Daktari alisema ni moyo na uchovu, akaniuliza alikuwa anafanya kazi gani. Nikamwambia anauza mapazia.

Sijui kama neno langu ndilo lililomleta au ndilo lililomuua. Zulekha anasema limemleta. Alikuja yeye mwenyewe, nikamwomba radhi, akasema, "Nilijua utakuja kusema. Mimi 'hayupo' yangu nilichelewa kuisema miaka miwili." Ndiyo namna yake ya kusamehe. Hatukukata mgomba. Tulimzika mwenyewe, kwenye kihamba, karibu na baba yake, na mama akala jioni ile. Lile jora nilimfunika nalo, lote.

Nikarudi dukani. Kama mzigo sina, nasema sina, na wateja wanavuka barabara. Siku moja Shadya wa Upanga akaja. Sikumtambua mpaka alipokaa kwenye benchi, palepale.

"Shikamoo, mama. Samahani, nilichelewa kurudi, nilisafiri. Kile kitambaa cha mama, mzee alisema ipo."

"Marahaba. Ilikuwepo, mwanangu," nikamwambia. "Alikipata."

Uso wake ukafunguka. Nikafungua droo nikamrudishia kipande chake, kile alichoacha, kimelainika kwa kushikwa mkononi muda mrefu. Akakigeuza, akanitazama, hakuelewa.

"Na mzee mwenyewe yupo?"

Niligeuka nikaangalia pazia la ndoo. Nilitega sikio, nisije nikasema uongo, nilitega kabisa.

"Hayupo," nikasema. Na nyuma yangu hakuna kilichosogea.